Ishara Zinazosema: Historia ya Alama za Imani Yetu na Nafasi ya Kwaya



Hii ni jubilei ya miaka 25 ya kwaya yetu.

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zina ratiba ya siku, nyimbo za Misa na majina ya waliotuongoza tangu mwanzo. Kurasa hizi tumezihifadhi kwa historia nyingine, iliyo ndefu kuliko ya kwaya yoyote. Kila Jumapili tunaingia kanisani tukichovya vidole katika maji ya baraka. Tunapiga goti kuelekea tabernakulo, tunavaa sare, tunapiga ngoma, tunaimba. Mambo haya yote ni ishara. Yalitoka wapi? Kwa nini Kanisa limeyashika kwa karne nyingi, wakati mwingine kwa gharama ya damu? Na sisi wanakwaya tuna nafasi gani katikati yake?

Haya si maswali ya wanafunzi wa seminari peke yao. Watoto wetu wanaulizwa na wenzao shuleni na kwenye matatu, "Mbona ninyi mnaabudu sanamu?" Kijana asiye na jibu hunyamaza, na akinyamaza mara nyingi, siku moja huondoka. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Kanisa hata hivyo ni mama na mwalimu, na mwalimu hawezi kumwacha mwanafunzi na methali hiyo.

Jubilei ilianza na pembe

Tuanze na neno lililo kwenye jalada. Katika Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, Mungu aliwaagiza Waisraeli kuutakasa mwaka wa 50. Mashamba yalirudishwa kwa wenyewe, watumwa wakaachiliwa na ardhi ikapumzishwa. Mwaka huo ulitangazwa kwa kupiga baragumu nchini kote. Kwa Kiebrania pembe ya kondoo dume iliitwa yobeli, na humo ndimo lilimotoka neno jubilei. Sikukuu yetu basi ina jina la chombo cha muziki. Kabla mtumwa hajafunguliwa minyororo, alisikia sauti ya pembe, akajua kwamba saa imefika.

Watu wa pwani ya Kenya hawatashangazwa na jambo hilo. Siwa za Pate na Lamu, moja ya pembe za ndovu na nyingine ya shaba, zilipigwa katika sherehe kubwa za mji, na aliyezisikia alijua bila kuelezwa kwamba kuna jambo zito.

Papa Boniface VIII alitangaza Mwaka Mtakatifu wa kwanza wa Kanisa mwaka 1300. Tangu 1475 desturi imekuwa kuuadhimisha kila baada ya miaka 25, ili kila kizazi kipate nafasi yake. Ndiyo maana miaka 25 ina uzito kwa Mkatoliki.

Ishara ni nini?

Dalili ya mvua ni mawingu. Wingu si mvua, lakini mkulima akiliona huandaa jembe. Ishara hufanya kazi hiyo: unaiona, na inakupeleka kwenye jambo usiloliona.

Chukueni bendera yetu ya taifa. Ni kitambaa cheusi, chekundu, kijani na cheupe, chenye ngao na mikuki. Wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa gwaride la Jumatatu asubuhi, wanasimama wima mbele ya kitambaa hicho, na hakuna anayesema wanakiabudu. Wanaheshimu watu, damu iliyomwagika, ardhi na amani ambavyo rangi zile zinawakumbusha.

Hata hivyo imani yetu inakwenda mbali zaidi ya bendera. Tunafundishwa kwamba sakramenti ni ishara zinazotenda kile zinachokionyesha. Maji ya ubatizo hayatukumbushi tu kuoshwa. Kwa nguvu ya Kristo yanatuosha kweli. Ishara nyingine, kama majivu, matawi, ubani na maji ya baraka, si sakramenti. Hizo hutuandaa na kutufungulia moyo. Tukijua tofauti hiyo, tunaweza kumjibu jirani kwa utulivu bila ugomvi.

Samaki, nanga na msalaba

Wakristo wa kwanza mjini Roma waliishi chini ya tishio la kukamatwa. Katika makaburi ya chini ya ardhi, kama yale ya Priscilla na Callixtus, walichora samaki, nanga na mchungaji aliyebeba kondoo mabegani. Mpita njia aliona picha ya kawaida. Mkristo alisoma imani yake. Herufi za neno la Kigiriki la samaki, moja baada ya nyingine, zilikuwa mwanzo wa maneno "Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi". Nanga ilikuwa tumaini.

Msalaba wenyewe haukuonekana sana katika picha za karne zile za mwanzo. Watu walikuwa bado wanaujua kama adhabu ya aibu kwa watumwa na wahaini. Baada ya Wakristo kupewa uhuru wa kuabudu mwaka 313, na adhabu ile kukomeshwa, ndipo msalaba ulipoanza kuonekana waziwazi. Mojawapo ya picha za zamani sana za Kristo msalabani imechongwa kwenye milango ya mbao ya kanisa la Mtakatifu Sabina mjini Roma, kazi ya karne ya 5.

Tunajifunza hapa kwamba kila ishara ina historia. Leo mtoto wa Komunyo ya Kwanza anavaa msalaba shingoni kama pambo. Zamani ishara hiyo ingewatisha watu. Kanisa lilichukua chombo cha mauaji likakifanya alama ya uzima, kwa sababu ya Yule aliyekufa juu yake.

Vita juu ya picha

Tukirudi kwenye swali la sanamu, Biblia inatupa mifano miwili ambayo ni vizuri isomwe pamoja. Katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 21, Musa aliagizwa kutengeneza nyoka wa shaba, na walioumwa na nyoka walimtazama wakapona. Miaka mingi baadaye, kama tunavyosoma katika 2 Wafalme, sura ya 18, watu walianza kumfukizia ubani nyoka yuleyule, na mfalme Hezekia akamvunjavunja. Kitu kilekile kilikuwa wokovu, kisha kikawa sanamu. Shaba haikubadilika, iliyobadilika ni mioyo ya waliokuwa wakiitazama.

Jambo hili liligawanya Kanisa la Mashariki katika karne ya 8. Mfalme Leo III wa Constantinople alipiga vita picha takatifu. Picha ziliharibiwa, na watawa wengi waliozitetea waliteswa. Aliyesimama kuzitetea kwa kalamu ni Mtakatifu Yohane wa Damasko. Hoja yake ilikuwa rahisi: Mungu asiyeonekana hawezi kuchorwa, lakini Mungu huyo alitwaa mwili, akaonekana, akaguswa. Akikatazwa kuchorwa kabisa, ni kama kusema hakuzaliwa kweli.

Mwaka 787 Mtaguso wa Pili wa Nisea uliamua. Ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake. Picha hupewa heshima, na heshima hiyo inamfikia yule aliyechorwa, si ubao wala rangi. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini tunapiga magoti mbele ya sanamu ya Mama Maria ajibiwe hivyo, na aambiwe pia kwamba Kanisa halijamsahau Hezekia. Mkatoliki akidhani plasta ina nguvu yenyewe, au akiificha chupa ya maji ya baraka dukani kama hirizi ya biashara, anamrudia nyoka wa shaba.

Msalaba unafika kwetu

Nchini Kenya, alama ya zamani ya Kikristo inayojulikana na wengi ni nguzo ya Malindi yenye msalaba juu yake, kumbukumbu ya safari ya Vasco da Gama aliyefika mwaka 1498. Msalaba ule ulikuwa pia alama ya mfalme wa Ureno. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga ngome Mombasa wakaipa jina la Yesu, wakaijaza mizinga. Ngome ilitekwa na Waomani mwaka 1698. Jina takatifu juu ya mizinga halikuwageuza watu wengi. Ishara ikisema jambo moja na mikono ikatenda lingine, watu husoma mikono.

Imani ilipata mizizi baadaye, kwa njia nyingine. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaishi na watu waliokombolewa utumwani. Kutoka pwani walisonga bara, na mwaka 1899 wakaanzisha misheni ya Mtakatifu Austin, Nairobi. Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902. Wale wa Mill Hill waliingia magharibi mwa Kenya kutoka Uganda. Babu na nyanya zetu waliuona msalaba mkononi mwa mtu aliyefundisha kusoma na kufunga vidonda, na hapo wakauelewa.

Lakini kitu kimoja kilibaki nje. Misa iliadhimishwa kwa Kilatini, nyimbo zilitoka Ulaya, na katika sehemu nyingi ngoma haikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa. Wamisionari wengi waliihusisha na tohara, mazishi na mizimu. Nchini Uganda ngoma ilitumika kuwaita watu waje kanisani, na bado ndani iliimbwa sauti ya nchi nyingine. Fikirini maana yake kwa mzee wa wakati ule. Ngoma ndiyo iliyotangaza kuzaliwa kwa mtoto wake, ndoa yake na kifo cha baba yake. Siku ya kumtolea Mungu sadaka, aliambiwa aiache nyumbani.

Desemba ya mwaka 1963

Tarehe 4 Desemba 1963, maaskofu wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipitisha hati juu ya Liturujia kwa kura 2,147 dhidi ya 4. Sura yake ya sita ni ya muziki mtakatifu. Inasema kwamba muziki ni sehemu ya Liturujia yenyewe, kwamba nyimbo za Gregori na kinanda cha mabomba vina heshima yake, na kwamba mataifa yenye mapokeo yake ya muziki yapewe nafasi ya kuyatumia katika ibada. Hati hiyo pia ilifungua njia kwa lugha za watu.

Siku 8 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12, bendera ya Kenya ilipandishwa Nairobi, na wimbo wa taifa ambao tuni yake inatokana na wimbo wa kubembeleza mtoto wa akina mama wa Kipokomo ukaimbwa. Mambo haya mawili hayakupangwa pamoja. Waliokuwa vijana wakati huo walipokea yote mawili mwezi mmoja: nchi ikawapa bendera yao, Kanisa likawaruhusu kuleta sauti yao.

Mlango ulikuwa umeanza kufunguka kabla ya hapo. Mwaka 1958, huko Kamina nchini Kongo, Padre Guido Haazen na waimbaji wake walikuwa wameimba Missa Luba, sehemu za Misa ya Kilatini kwa mtindo wa Kikongo na ngoma zake. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi 22 wa Uganda kuwa watakatifu, na mtunzi Joseph Kyagambiddwa akatunga kazi kubwa ya muziki juu yao kwa Kiganda. Papa huyohuyo alipofika Kampala mwaka 1969 aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza, na wanapaswa, kuwa na Ukristo ulio wa Kiafrika.

Ngoma iliyo kando ya kinanda chetu ilipitia njia hiyo ndefu. Haikuletwa pale kwa ajili ya kuchangamsha Misa. Ni ushahidi kwamba Mungu anasikia lugha yetu, na kwamba waliosubiri mlangoni wameingia.

Kwaya nayo ni ishara

Kanisa linafundisha kwa mwaka mzima, na kwaya ni mojawapo ya vitabu vyake. Tunapoimba Utukufu wakati wa Noeli, tunatangaza. Tunapouacha wakati wa Majilio na Kwaresima, tunatangaza pia. Aleluya hutoweka kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka, na vyombo vya muziki katika Kwaresima huruhusiwa kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Kengele hupigwa wakati wa Utukufu siku ya Alhamisi Kuu, kisha hunyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha. Mtu asiyejua kusoma anaelewa kwa masikio kwamba kuna jambo limeondoka. Tukipiga ngoma kwa nguvu zote Jumapili ya Matawi, Jumatano na Ijumaa Kuu bila tofauti, tunaufunga ukurasa huo wa kitabu.

Katika Mkesha wa Pasaka kanisa huwa giza. Moto hubarikiwa nje. Mshumaa wa Pasaka huandikwa msalaba, Alfa na Omega na tarakimu za mwaka, na chembe 5 za ubani huwekwa kama madonda ya Bwana. Mwanga mmoja unaingia, unagawanywa kutoka mkono hadi mkono, na hakuna aliyepungukiwa kwa kumpa mwenzake. Hakuna mahubiri yanayoeleza ufufuko kwa uwazi kuliko dakika hizo. Kazi ya kwaya pale ni kuacha giza liwe giza na mwanga uwe mwanga. Wanaopiga picha kwa simu wakati huo wanawasha taa mamia kabla ya taa ya Kristo.

Vivyo hivyo sare zetu. Zimeshonwa sawa ili mwenye kazi nzuri mjini na asiye na kazi wasimame mstari mmoja na kusiwe na anayejulikana kwa kitambaa. Sauti nne tunazozipanga, ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, ni ishara ya mwili mmoja wenye viungo vingi. Ndiyo sababu wanakwaya wawili wasiosalimiana hawana budi kupatana kabla ya Misa. Wimbo unasema umoja, na waumini wanawafahamu wote wawili.

Kazi iliyo mbele yetu

Vijana wetu wanapenda kinanda cha umeme chenye midundo iliyorekodiwa tayari. Wazee wetu wanaogopa kwamba ngoma itarudi nje ya mlango, safari hii ikifukuzwa na wenyeji wenyewe. Tumewasikiliza wote wawili. Kinanda si adui, na ngoma nayo si mfalme. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Kila chombo kipimwe kwa swali moja: je, kinawasaidia waumini kuomba na kuimba, au kinawafanya watazamaji? Mdundo unaotoka kwenye mashine hausubiri padre amalize sala wala hausikii kwamba mama aliye kiti cha nyuma ameshindwa kufuata. Mpigaji ngoma anasikia.

Kwa hiyo, kama zawadi ya jubilei kwa parokia, tumekubaliana juu ya mambo matatu. Kwanza, kabla ya mazoezi ya kila kipindi cha Liturujia tutatenga dakika 15 kujifunza maana ya kipindi hicho, rangi yake na nyimbo zake. Pili, tutawafundisha watoto wa Utoto Mtakatifu kupiga ngoma na kayamba, na pamoja na mapigo tutawaeleza kwa nini vinapigwa. Tatu, tutaomba nafasi ya kutembelea Jumuiya zetu kuzungumza juu ya ishara moja moja, ili kijana anayeulizwa kwenye matatu awe na la kusema.

Ishara haitunzwi kwa kufungiwa kabatini. Inatunzwa kwa kutumiwa na watu wanaoijua na kuiishi. Maji yanahitaji aliyebatizwa aishi kama aliyeoshwa. Msalaba unahitaji mikono inayohudumia. Wimbo unahitaji mwimbaji anayeyaamini maneno yake hata Jumatatu akiwa sokoni au shambani.

Pembe ya jubilei ilipigwa ili walioonewa waachiliwe. Basi tunapoimba leo, aliye na deni kwetu alisamehewe, aliyeondoka kwaya kwa uchungu akaribishwe, na mgonjwa aliyetuimbia zamani atembelewe kabla juma hili halijaisha. Hapo jirani zetu wataelewa tulichokuwa tukiimba.

 Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.

Imeandaliwa na Katibu, kwa niaba ya Kwaya.